Eusébio alikuwa wa nani? Swali la vijana wa Musanda kabla ya AFCON 2027

Jumamosi jioni pale Musanda, Kaunti ya Kakamega, ukitaka kujua dunia inasema nini kuhusu soka huna haja ya kwenda mbali. Unaingia kwenye kibanda cha video sokoni, unalipa mlangoni, unabanana na wenzako kwenye benchi. Mechi ya Uingereza ikifika mapumziko, mechi nyingine inaanza: ile ya mdomo.

Mara ya mwisho nilipokuwa nyumbani, mjadala ulikuwa AFCON 2027. Kenya, Uganda na Tanzania zitaandaa fainali hizo kwa pamoja, na kila mtu alikuwa na kikosi chake kichwani. Jamaa mmoja wa boda akasema: "Sisi tutafute watoto wa Wakenya waliozaliwa Ulaya, basi. Wamekula vizuri, wamefunzwa vizuri. Hawa wetu wa kukimbizana kwa miwa watatuaibisha."

Mwanafunzi mmoja wa sekondari, bado ana soksi za mpira miguuni, akamuuliza: "Na mimi nitacheza wapi?"

Kibanda kizima kikaangua kicheko. Nilicheka pia, lakini swali lile lilinifuata hadi Nairobi. Manake wote wawili walikuwa wanauliza jambo moja: mchezaji ni wa nani? Ni wa mahali alipozaliwa, wa damu ya wazazi wake, au wa yule aliyemlea na kumfunza?

Mimi jibu langu ni jingine, na limetoka kwa mtu aliyecheza kabla wazazi wetu wengi hawajazaliwa. Mchezaji huwa wa yule aliye na karatasi zake. Hebu tumtazame Eusébio.

Alizaliwa Afrika, akafungia Ureno

Eusébio da Silva Ferreira alizaliwa Januari 25, 1942, katika mji wa Lourenço Marques, ambao leo ni Maputo, Msumbiji. Alikulia Mafalala, mtaa wa watu wa kipato cha chini. Baba yake, mfanyakazi wa reli, alifariki Eusébio akiwa bado mtoto mdogo, na mama yake, Elisa, akabaki na mzigo wa malezi. Eusébio na wenzake walicheza peku, na mpira wenyewe ulikuwa soksi iliyojazwa matambara na magazeti. Kama ulikulia kijijini Kenya ukifunga majuala kwa kamba, hapo huhitaji maelezo.

Alipokuwa kijana alichezea Sporting ya Lourenço Marques, klabu iliyokuwa tawi la Sporting ya Lisbon. Kwa hivyo kila mtu alidhani akienda Ureno ataenda Sporting. Lakini mahasimu wao, Benfica, wakamwahi. Walizungumza na mama yake, wakakubaliana, na Desemba 1960 kijana wa miaka 18 akatua Lisbon.

Hapo ndipo sarakasi ilipoanza. Sporting walilalamika kwamba mchezaji ni wao. Benfica wakampeleka kusini mwa Ureno, wakamkalisha hotelini huko Lagos, Algarve, mbali na macho ya watu. Miezi ilipita. Alikuwa amefika Ulaya, ana miguu iliyokuja kutikisa dunia, lakini haruhusiwi kucheza mechi hata moja. Shida haikuwa kipaji. Shida ilikuwa usajili. Aliingia uwanjani na jezi ya Benfica Mei 1961, na katika mechi hiyo ya kwanza, ya kirafiki, alifunga mabao matatu.

Baada ya hapo hakukamatika. Mei 2, 1962, mjini Amsterdam, Benfica iliilaza Real Madrid 5-3 katika fainali ya Kombe la Klabu Bingwa Ulaya, na Eusébio akafunga mawili. Mwaka 1965 alitwaa Ballon d'Or, akawa mzaliwa wa kwanza wa Afrika kufanya hivyo. Dunia ilisubiri miaka 30, hadi George Weah wa Liberia mwaka 1995, ndipo mchezaji wa timu ya taifa ya Afrika akapata tuzo hiyo. Na Benfica alishinda ligi ya Ureno mara 11.

Kisha likaja Kombe la Dunia la 1966 nchini Uingereza. Kwenye robo fainali, Korea Kaskazini iliongoza Ureno 3-0. Eusébio akafunga manne, mechi ikaisha 5-3. Ureno ilitolewa na wenyeji Uingereza kwenye nusu fainali, ikamaliza ya tatu. Mfungaji bora wa mashindano: Eusébio, mabao 9.

Sasa sikiliza hili. Mwaka huo wa 1966, hakuna nchi hata moja ya Afrika iliyocheza Kombe la Dunia. Afrika ilikuwa imesusia. FIFA ilitaka mshindi wa Afrika acheze tena mchujo dhidi ya timu ya Asia ndipo apate nafasi, na mataifa yetu, Ghana ya Kwame Nkrumah ikiwa mbele, yakakataa dharau hiyo. Kwa hivyo bara zima lilikaa nje ya uwanja, na ndani ya uwanja mfungaji bora ni mtoto wa Mafalala aliyevaa jezi ya Ureno.

Karatasi ilitangulia damu

Usikimbilie kumwita msaliti. Hakuchagua.

Tangu 1951 serikali ya Ureno ilikuwa imebadilisha jina la makoloni yake, ikayaita "mikoa ya ng'ambo". Kwenye karatasi, Msumbiji haikuwa nchi ya watu wengine. Ilikuwa sehemu ya Ureno iliyo mbali kidogo. Kwa hivyo kwenye karatasi Eusébio hakuwa mgeni. Hakukuwa na timu ya taifa ya Msumbiji ambayo angeikataa. Na hakuwa peke yake: nahodha wa Ureno 1966, Mário Coluna, alizaliwa Msumbiji. Mabeki Hilário na Vicente pia. Toa hao wanne kwenye timu ile, uone kama unabaki na nusu fainali.

Wakati huohuo, jirani zetu wa Tanzania walikuwa wanaandika karatasi tofauti. Juni 25, 1962, wiki chache tu baada ya ile fainali ya Amsterdam, FRELIMO iliundwa Dar es Salaam. Septemba 1964 ikaanza vita vya ukombozi kaskazini mwa Msumbiji. Ina maana Eusébio alipokuwa akishangiliwa pale Wembley, vijana wa rika lake kutoka nchi ileile walikuwa msituni wakipigana na serikali ambayo bendera yake ilikuwa kwenye jezi yake. Uhuru ulikuja Juni 25, 1975. Mwaka huo ndio alioondoka Benfica, magoti yakiwa yamefanyiwa upasuaji mara nyingi, akaenda kutafuta riziki kwenye ligi ya Amerika Kaskazini. Timu ya taifa ya nchi yake ya kuzaliwa ilipowezekana, yeye alikuwa amemaliza.

Klabu za Italia zilimtaka akiwa kileleni. Eusébio mwenyewe alisimulia miaka ya baadaye kwamba mtawala wa Ureno, Salazar, hakukubali auzwe. Fikiria hiyo: staa mkubwa kuliko wote barani Ulaya, na hawezi kubadilisha mwajiri kwa sababu mkubwa amekataa. Jina lake lilijaza viwanja, lakini sahihi iliyoamua haikuwa yake.

Linganisha na mastaa wengine wa enzi hiyo. Alfredo Di Stéfano alizaliwa Argentina, akaichezea Argentina, kisha akaichezea Uhispania. Ferenc Puskás aliipeleka Hungary fainali ya Kombe la Dunia 1954, na 1962 akaonekana kwenye fainali hizo na jezi ya Uhispania. José Altafini alikuwa Brazil 1958, akawa Italia 1962. Hao walihamahama hadi FIFA ikakaza sheria. Walikuwa na nchi mbili za kuchagua. Eusébio alikuwa na moja, na aliichaguliwa.

Alifariki Januari 5, 2014, na Ureno ikaomboleza siku tatu. Mwaka 2015 mwili wake ulihamishiwa kwenye jengo la mashujaa wa taifa mjini Lisbon. Coluna alirudi kuishi Maputo, akaongoza shirikisho la soka la Msumbiji, na alifariki huko Februari 2014, wiki chache baada ya rafiki yake. Walizaliwa koloni moja, wakavaa jezi moja, wakazikwa nchi mbili.

Kadenge na mpira, bila mkataba

Kama unadhani hayo ni ya Wareno tu, rudi nyumbani. Magharibi mwa Kenya tulikuwa na Joe Kadenge, fundi wa Maragoli United na baadaye Abaluhya, timu ambayo leo ni AFC Leopards. Mtangazaji Leonard Mambo Mbotela alilitaja jina lake redioni hadi "Kadenge na mpira" ikawa msemo. Babu na nyanya wa kila kijana wa Kakamega wanaujua.

Kadenge alizaliwa miaka michache kabla ya Eusébio. Lakini soka ya Kenya haikuwa kazi ya kulipwa. Ulicheza kwa mapenzi, ukaajiriwa kwingine ili ule. Baada ya kutundika daluga, Kadenge aliendesha teksi Nairobi. Alifariki Julai 2019, na sifa zikamiminika, kama kawaida yetu: marehemu hukosi shada.

Simwambii mtu kwamba Eusébio alibahatika na Kadenge akaonewa. Ninachosema ni kwamba mmoja alikuwa na mkataba uliomfunga, mwingine hakuwa na mkataba wa kumlinda. Katika visa vyote viwili, waliofaidi zaidi ni wale walioshika karatasi au waliokalia viti.

Leo unaweza kuchagua

Sasa tufike kwa jamaa wetu wa boda. Ana hoja. Katiba ya 2010 inasema wazi kwamba mtu ni raia wa kuzaliwa ikiwa siku aliyozaliwa mama au baba yake alikuwa raia wa Kenya, hata kama alizaliwa nje ya nchi. Tena inaruhusu uraia wa nchi mbili. Kwa hivyo mtoto wa Mkenya aliyezaliwa London si "wa kuazima". Ni Mkenya kama wewe. Akiitwa Harambee Stars na akakubali, karibu nyumbani.

Na FIFA nayo ililegeza sheria 2020. Mchezaji aliyechezea nchi moja timu ya wakubwa anaweza kuhamia nyingine ikiwa alicheza mechi zisizozidi tatu, kabla ya kutimiza miaka 21, na miaka mitatu imepita. Lakini akishacheza fainali za Kombe la Dunia au za bara, mlango umefungwa.

Tunalijua hilo kwa uchungu. Divock Origi alizaliwa Ostend, Ubelgiji, baba yake akiwa Mike Okoth, aliyechezea Kenya na kupiga soka ya kulipwa Ubelgiji. Divock alichagua Ubelgiji, akafunga bao kwenye Kombe la Dunia 2014, na hesabu ikaisha. Tofauti yake na Eusébio ni moja tu, na ni kubwa: Origi aliulizwa.

Lakini tusidanganyane. Anayelelewa Ulaya atatazama Kenya kama chaguo la pili mara nyingi, na hatuwezi kujenga timu kwa matumaini kwamba wengine watamwacha. Agosti 2025 tulipata somo la bure. Kwenye CHAN, mashindano ya wanaocheza ligi za nyumbani tu, Kenya ilizifunga DR Congo, Morocco na Zambia, ikaongoza kundi, kabla ya kutolewa na Madagascar kwa penalti kwenye robo fainali. Vijana walewale "wa kukimbizana kwa miwa". Hawakutuaibisha.

Pesa ya Musanda iko wapi?

Hapa sasa ndipo swali la yule mwanafunzi linapouma.

FIFA ina kitu kinachoitwa mchango wa mshikamano. Mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja hadi nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya ada inakatwa na kugawiwa klabu zilizomlea kati ya umri wa miaka 12 na 23. Kila msimu wa miaka 12 hadi 15 unabeba asilimia 0.25 ya ada. Kila msimu wa miaka 16 hadi 23 unabeba asilimia 0.5.

Tupige hesabu, mfano tu. Kijana amecheza klabu ya kijiji kuanzia miaka 12 hadi 15, misimu minne. Baadaye anauzwa Ulaya kwa Sh100 milioni. Klabu ile ya kijiji inadai Sh1 milioni. Akiuzwa tena, inadai tena. Kwa timu inayochangisha ili inunue mpira mmoja, hiyo ni mipira, nyavu, jezi, nauli na chai ya miaka kadhaa.

Lakini kuna masharti. Klabu iwe imesajiliwa chini ya shirikisho la taifa. Mchezaji awe amesajiliwa humo, msimu baada ya msimu, kwa jina na tarehe ya kuzaliwa zinazolingana na cheti. Siku hizi mfumo ni wa kielektroniki, kila mchezaji na nambari yake, na historia hiyo ndiyo inayoitwa pasipoti ya mchezaji. Kama historia yako inaanza ukiwa na miaka 18 Nairobi, kwa macho ya FIFA hukuwahi kucheza Musanda. Na ikishindikana kujua klabu iliyokulea, fungu lile linaweza kuishia kwa shirikisho la nchi. Kijiji kinabaki na stori: "Huyo tulicheza naye hapa."

Sasa angalia mashindano yetu ya mashinani. Mwanasiasa anakuja Desemba, anagawa jezi zenye picha yake, kuna fahali wa mshindi, kuna spika kubwa. Fainali ikiisha, hakuna hata daftari la majina. Nimecheza mashindano ya namna hiyo mara nne, na leo ukiniuliza ushahidi nitakuonyesha kovu la goti. Mmoja wetu aliyekuwa na kipaji kutushinda sote alipata nafasi ya majaribio nje ya nchi, akakwama kwa sababu cheti cha kuzaliwa kilisema mwaka mmoja na fomu za shule zikasema mwingine. Mtu fulani "alimsaidia" kupunguza umri akiwa kidato cha pili. Msaada ule ulimfungia mlango.

Mumias ilishaona soka ikishikiliwa na kitu imara. Enzi za kiwanda, Mumias Sugar ilikuwa na timu iliyocheza ligi kuu. Kiwanda kilipoyumba hadi kuwekwa chini ya mrasimu 2019, mashabiki wengi tulibaki na kumbukumbu. Tukingoja mwekezaji mwingine aje atupe timu, tutangoja. Kusajili klabu hakungoji mwekezaji.

Kabla hujasaini

Karatasi si jambo la soka tu, wala si la wakoloni tu. Wamakonde wa Kwale, ambao wazee wao walitoka Msumbiji ileile ya Eusébio kuja kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa, waliishi Kenya miongo mingi bila kitambulisho. Ilibidi watembee kwa miguu kuelekea Ikulu mwaka 2016 ndipo wakatambuliwa. Kabla ya hapo, mtoto wa Kimakonde aliyezaliwa Kwale angeweza kuwa na mguu wa dhahabu na bado asipate pasipoti.

Kwa hivyo wewe unayesoma hii ukiwa Umoja, Kondele au Likoni, na una ndugu mdogo anayepiga mpira ushago, msaidie kwa mambo haya.

Kwanza, cheti cha kuzaliwa kiwe kimoja na kiseme kweli. Umri wa uongo unakupa kombe la shule leo, unakunyima Ulaya kesho.

Pili, timu ya kijiji isajiliwe, na majina yaingizwe kila msimu. Kama kocha wenu hawezi mambo ya mtandaoni, wewe unayeshinda kwa simu unaweza.

Tatu, ogopa ajenti wa haraka. Sheria za FIFA hukataza mchezaji wa chini ya miaka 18 kuhamishwa kimataifa, isipokuwa kwa sababu chache maalum, kama vile mzazi amehamia huko kwa mambo yasiyohusu soka. Anayemwahidi mtoto wa miaka 16 mkataba Ulaya baada ya kulipwa "pesa ya fomu" anauza hewa. Tangu 2023 FIFA pia imerejesha mtihani na leseni kwa mawakala. Muulize leseni yake. Akikasirika, umeshapata jibu.

Nne, mkataba usomwe na mtu mzima anayeuelewa kabla ya sahihi. Mama Elisa alikaa mezani na Benfica kwa niaba ya mwanawe. Mama zetu nao wanaweza kukaa mezani, mradi tu tusiwafiche tunapoitwa.

AFCON itakuja na itaondoka. Nitafurahi nikiona kikosi chenye aliyezaliwa London, aliyezaliwa Kisumu na aliyezaliwa Mumias, wote wamechagua na wote wamekubaliwa. Lakini siku kijana wa Musanda atakapouzwa, nataka jina la Musanda liwe kwenye karatasi hizo.

Yule mwanafunzi bado anangoja jibu. Juzi nilimpigia kumuuliza kama timu yao imesajiliwa. Akaniambia hata hajui ofisi iko wapi. Nikienda nyumbani tena, tunaenda kuitafuta pamoja.